Kofia Ikivuliwa, Panda

Tarehe 4 Februari. Mwaka mmoja na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila mgongo umeanza kunijibu. Tunajenga ghala kubwa, na kazi yangu bado ile ile, kusukuma toroli la zege kutwa nzima. Jioni tukirudi chumbani tuko sita, na hakuna anayetaka kuinuka kuzima taa. Tunaamrishana mpaka mmoja aone aibu.

Nakuandikia kwa hasira kidogo. Dereva wa lori la saruji, huyu anayetubebea barua, ameniambia kwamba Baba na kocha mwenzake Fundi Saa wameacha timu. Wote wawili, siku moja. Habari ya baba yangu naipata kwa dereva, tena anaisema huku anakagua tairi.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini jambo moja nalijua. Hao wazee ndio timu yetu ya Msumeno. Uwanja wetu umepakana na kiwanda cha mbao, mashine zikianza kupasua magogo hata radi haisikiki. Kocha gani mwingine angeweza pale? Baba akivua kofia, mabeki tunapanda. Akiishusha mpaka kwenye nyusi, tunarudi. Fundi Saa akipeleka kitambaa puani, kipa anatoka golini. Ubingwa mara tatu mfululizo umekuja kwa kofia na kitambaa, bila mtu kupaza sauti. Timu nyingine zilitucheka, zikasema tunafundishwa na mabubu. Tukawafunga.

Huku ukitaka kushusha ukuta huupigi nyundo kila mahali. Unatoa nguzo mbili tu, ukuta unajimaliza wenyewe. Ndicho ninachokiogopa.

Niambie ukweli. Timu ameshika nani?

Kaka yako,
Ukuta


Tarehe 19 Februari

Kaka, shikamoo.

Pole kwa mgongo. Hakuna aliyekuficha. Baba alisema atakuandikia mwenyewe, na kila nikimuuliza anasema kesho.

Mambo yalikwenda hivi. Siku moja mazoezini Baba alimkaripia Sumaku kwa kusimama vibaya golini. Alimkaripia kwa kirefu, na maneno mengine siwezi kukuandikia. Sumaku alikuwa nyuma yake anakunywa maji. Aliyekuwa anakaripiwa ni mlingoti wa goli. Jumamosi yake refa akapuliza filimbi ya mwisho, watu wakapeana mikono, na Fundi Saa akaendelea kupunga kitambaa akihimiza kona ipigwe haraka. Walipoambiwa walikaa kwenye benchi wakacheka mpaka machozi. Kisha wakaacha kucheka.

Baba akawaambia wachezaji, "Mmoja haoni, mwenzake hasikii. Ukitujumlisha unapata kocha mmoja, na huyo mmoja amechoka." Ndivyo walivyoaga. Radi ya kiwanda ikaanza tena, hata makofi hayakusikika.

Kamati imeweka kaimu. Ni mtu wa hapa hapa, anaijua timu tangu utotoni, usiumize kichwa kwa jina. Amepewa mechi nne, zilizobaki za mzunguko huu. Mambo yakiharibika, kamati imesema itamrudisha Baba. Hilo ndilo linanikosesha raha. Daktari wa macho amemwambia akae mbali na vumbi na jua kali mpaka apasuliwe. Lakini unamjua. Wakimwita atakwenda, hata kama ni kwa kushikwa mkono. Kwa sasa anakwenda kutazama tu, yeye na Fundi Saa, wanakaa kwenye ngazi upande wa kiwanda.

Mechi ya kwanza tulishinda kwa goli moja. Ya pili tulifungwa matatu na Bohari. Sumaku alitoka golini mara mbili bila sababu, mpira ukapita juu yake kama mgeni anayejua njia.

Cherehani yangu nzima. Nashona jezi mpya.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Matatu. Na Bohari. Watu ambao beki wao wa kati anavuta sigara wakati wa mapumziko.

Sasa nisikilize, na haya umfikishie huyo kaimu wenu neno kwa neno. Mwambie, kipa hatoki golini bila sababu, anatoka kwa sababu hana anayemwamini nyuma yake wala mbele yake. Mwambie kama hana macho akaazime. Mwambie timu si suruali ya mtumba, kwamba kila anayepita anajaribu. Nina hakika ni yule muuza vipuri, anayesimulia mechi kuliko aliyecheza. Kama ni yeye, mwambie mimi nimesema miguu yake haijawahi kugusa kiatu cha mpira, na kichwa chake hali kadhalika.

Nitakwambia na jingine, maana wewe ni wewe. Kile kiti nilijua siku moja kitakuwa changu. Baba hakuwahi kutamka, lakini nilipokuwa beki wa kushoto alikuwa ananiweka karibu naye baada ya mechi na kuniuliza, "Wewe ungefanyaje?" Katika wenzangu hakuulizwa hata mmoja. Nikiwa huku nasukuma toroli, nakipanga kikosi kichwani. Nikifika juu nimepata mabeki, nikishuka nimepata viungo. Siku inaisha.

Kwa hiyo nasema hivi. Neno moja tu kutoka kwenu na naacha kazi hii, mkataba uishe usiishe. Baba asirudi kwenye vumbi. Nitarudi mimi.

Kaka yako,
Ukuta


Tarehe 20 Machi

Kaka, shikamoo.

Usiache kazi. Nakuomba, kaa umalize.

Kaimu nimemfikishia yote, neno kwa neno. Amesikia. Ile ya suruali ya mtumba ilimuuma, lakini alicheka. Si muuza vipuri.

Mechi ya tatu tulitoka sare na Bandari Kavu. Tulikuwa tunaongoza mawili, zimebaki dakika chache. Kaimu alikuwa amewaambia mabeki wakae, wasipande kwa lolote. Ghafla wote wanne wakapanda, kama kuku waliotupiwa mahindi. Nyuma hakukubaki mtu. Tukafungwa, na kabla hatujatulia wakapanda tena, tukafungwa la pili.

Baadaye kaimu alimkalisha Kiroboto, huyu mdogo aliyechukua namba yako kushoto. Akamuuliza, "Mbona ulipanda?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Kiroboto akatazama viatu vyake. "Sijui, lakini niliambiwa."

"Kwa mdomo?"

"Pale nani anasikia mdomo?"

Si mkaidi, Kaka. Alikuwa karibu kulia. Na wengine watatu wamesema hivyo hivyo. Kwenye kamati wameanza kunong'ona kwamba wachezaji wanamfanyia kaimu mgomo baridi. Imebaki mechi moja, na Reli, mwezi ujao. Tukishinda tunabaki juu ya jedwali. Tukifungwa, Baba anarudi kwenye vumbi. Kiti wameshakipangusa.

Wewe ulicheza pale miaka yote. Unaonaje?

Sindano


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka wenzangu chumbani wamedhani nimepata barua ya mchumba.

Kwanza nikupe kisa cha hapa. Juma lililopita mhandisi alikuja kukagua. Akasimama chini ya winchi, jua linachoma, akavua kofia yake ngumu ajifute jasho. Mimi nilikuwa nimesimama na toroli nangoja zamu. Alipovua, nikaondoka mbio. Sikuwaza. Mguu wa kushoto ulitangulia, toroli likafuata, nikapita katikati ya watu watatu na kwenda kusimama mbele kabisa, mahali ambapo hakuna aliyeniita. Zege lilimwagika kwenye viatu vya mhandisi. Nyapara akauliza, "Wewe unakwenda wapi?" Nikasema, "Nimeambiwa." Akauliza, "Na nani?" Nimekuwa kichekesho cha ghala zima, wananiita Ambulansi.

Nilikasirika siku ile. Barua yako ilipofika ndipo nikajua nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa nakwenda kupiga krosi.

Sasa nakuuliza. Siku ile ya Bandari Kavu kulikuwa na jua? Baba alikaa kwenye ngazi zile zile, amevaa kofia ile ile? Muulize kama hakuivua kujipepea. Na siku ya Bohari, Fundi Saa hakuwa na mafua?

Kaimu wenu hana mgomo. Ana makocha watatu uwanjani na wawili kati yao hawajui kama wanafundisha. Mimi niko mbali na nyumbani safari ya siku mbili, na kofia bado inanisukuma. Je, huyo mtoto anayeiona kwa macho?

La kufanya silijui. Kumwambia mzee avue kofia moja kwa moja ni kuwapandisha mabeki dakika tisini. Kumwambia asiivue ni kumpika. Atakayemwambia ajue kuzungumza. Mimi nisingeweza.

Ukuta


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni mimi Fundi Saa, kwa sababu macho ya baba yako ni yale unayoyajua. Yeye anasema, mimi naandika. Kwa kuwa sisikii, inabidi apaze sauti, na sasa mtaa mzima unajua barua hii ina nini. Pale nisiposikia nitajaza mwenyewe.

Baba yako anasema wewe hujambo. Nadhani anauliza.

Anasema kaimu ni dada yako. Alitukataza kukwambia, alisema wewe utasema maneno. Nimeambiwa uliyasema.

Hatukumchagua sisi. Kamati ilitafuta mtu, kila aliyeombwa akasema hawezi kuwafuata wazee wale, atalinganishwa nao. Dada yako alikuwa anapeleka jezi. Akasema, "Mimi nitakaa mpaka mpate mtu." Wakacheka, kisha wakaona hawana mwingine. Miaka yote wewe ukiwa kushoto, yeye alikuwa pale pale nyuma ya benchi anapasi jezi na kuzikunja, na baba yako anasema alikuwa anauliza maswali kuliko wewe. Wewe ulikuwa unaulizwa. Yeye alikuwa anauliza.

Barua yako ilipofika alikuja nyumbani na chupa ya chai. Akakaa kwenye mkeka mbele ya baba yako. Nilikuwepo, na kwa kuwa sisikii nilimtazama midomo. Angeweza kusingizia daktari wa macho, baba yako angekubali na asingeumia. Hakumsingizia. Alisema, "Baba, siku ya Reli naomba usije uwanjani. Wewe na Fundi. Mkikaa pale, wanawaona ninyi. Hawanioni mimi."

Baba yako akavua kofia, akaitazama, kama anaweza kuitazama. Akasema, "Kumbe nilikuwa bado kazini." Dada yako akasema, "Ndiyo, Baba. Na sasa naomba nikupumzishe."

Hapa baba yako anasema nisiandike, lakini hawezi kusoma, kwa hiyo naandika. Siku tatu hakutoka nje. Siku ya nne alikuja dukani kwangu, akakaa kati ya saa zilizokufa, akasema, "Nilikuwa nataka washinde. Lakini nilikuwa nataka wafungwe kidogo, si sana, ili waseme tulikuwa watu." Nikamwambia hata mimi. Tukashikana mikono.

Basi jana ilikuwa siku ya Reli. Tulikaa kwenye kizingiti cha duka langu. Ukikaa pale, katikati ya ukuta wa kiwanda na choo cha uwanja, unaona goli moja tu, la upande wa barabara. Mimi naona, yeye anasikia. Jumamosi hiyo mashine zilikuwa zinapasua magogo mazito, lakini mtu aliyesimama miaka ile yote kando ya misumeno ana sikio la kuchambua kelele. Kipindi cha kwanza goli letu la kulinda lilikuwa kule nisikoliona. Mpira ukaingia huko, mimi sina habari. Baba yako akanishika bega, akatikisa kichwa. Akasema, "Nimewasikia Reli."

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, la kushambulia likawa kule nisikoliona, yaani la Reli, na mimi nilikuwa naona mgongo wa Sumaku tu. Sumaku hakutoka. Mara baba yako akainuka, akavua kofia. Nilidhani ni joto. Akasema, "Limeingia." Akakaa. Baada ya muda akaivua tena. Sijui kama limeingia kwanza ndipo akavua, au alivua ndipo likaingia. Mimi natengeneza saa, mambo hayo siyajui.

Mawili kwa moja. Baba yako anasema timu yetu iko hai. Anasema aliposikia watu wanapiga kelele na yeye hayupo, kifua kiliuma mahali padogo, kisha kikatulia. Anasema jicho litapasuliwa mwezi wa sita.

Anasema pia uvae fulana chini ya shati.

Baba yako,
na Fundi Saa


Tarehe 23 Aprili

Kaka, shikamoo.

Wazee wamekwambia, najua. Barua ilisemwa kwa sauti, nikaisikia nikiwa kwenye cherehani nyumba ya tatu.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema nini, na ukasema. Sikukasirika. Ile ya kuazima macho niliiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza yangu ya kukatia. Kila nikiona mteja ananichelewesha naisoma.

Nikueleze ilivyokuwa. Bila ishara pale huwezi kufundisha, na kofia si yangu. Nikatumia futi yangu, hii ya kupimia nguo. Ikining'inia shingoni, mabeki wanakaa. Nikiinyoosha kwa mikono miwili, wanatanuka. Nikiivuta na kuishika juu, wanapanda. Siku ya kwanza mazoezini Kiroboto aliniuliza, "Dada, na ukitupima kiuno tufanye nini?" Nikamwambia, "Mpungue." Walicheka, lakini walishika.

Siku ya Reli, nikiingia uwanjani niliona wote kumi na mmoja wanageuka kutazama ngazi za upande wa kiwanda. Hakuna mtu. Sijawahi kuona watu wakubwa wanabaki yatima mchana kweupe. Tukafungwa moja. Mapumziko nikawaambia, "Wazee wako nyumbani. Mimi ndiye niliyewaomba wasije. Mwenye hasira anikasirikie mimi, lakini anitazame." Sumaku akasema, "Wewe ulimwambia Mzee Kofia asije?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa mdomo wako?" Nikasema ndiyo. Wakatazamana. Nadhani hapo ndipo nilipopata timu, Kaka. Waliona kama nimeweza kumwambia yule mzee, basi hata Reli nitawaweza.

Kipindi cha pili nikaishika futi juu, Kiroboto akapanda, akakata ndani, goli. La pili lilikuwa kona. Zilipobaki dakika chache niliiacha futi shingoni, wakakaa kama misumari.

Kamati imeniita. Wameondoa lile neno kaimu.

Sasa tuzungumze kile kiti, maana wewe ulikuwa mkweli kwangu na mimi niwe mkweli kwako. Ukirudi, kiti si chako. Sitakuachia kwa sababu ulizaliwa kabla yangu wala kwa sababu Baba alikuwa anakuuliza. Nimekikalia nikakipasha joto.

Lakini Msumeno haikuwahi kuwa na kocha mmoja. Baba peke yake angepandisha kila mtu mpaka barabarani. Fundi peke yake angemfungia kipa ndani kama saa kwenye kabati. Mimi baada ya ile sare nilihangaika na mabeki wiki mbili, na wewe ulinijibu kwa ukurasa mmoja kutoka kwenye zege. Benchi ni refu. Upande wa kushoto hakuna mtu.

Usinijibu kwa haraka.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 12 Mei. Mwaka mmoja na miezi sita na siku kadhaa.

Mdogo wangu,

Marahaba, Kocha.

Umesema nisijibu kwa haraka, nikakaa nayo wiki nzima. Siku ya kwanza nilikasirika. Sitakudanganya. Nilisukuma toroli kana kwamba limenikosea. Siku ya pili nilikumbuka maneno niliyomtumia kaimu na nikaona haya mbele ya watu ambao hawajui chochote. Siku ya tatu au ya nne nilikuwa naipanga timu kichwani kama kawaida, nikafika kwenye benchi, nikakuta umekaa. Nikakusogeza, hukusogea. Nikakaa kushoto. Toroli likawa jepesi kidogo. Au tulikuwa kwenye mteremko.

Nimewasomea wenzangu barua ya wazee. Mwashi wetu, mtu asiyecheka, aliomba nirudie pale pa "mimi naona, yeye anasikia". Kisha akageukia ukutani akalala. Najua aliwakumbuka wa kwao.

Nilikwambia ukitoa nguzo mbili ukuta unajimaliza. Nimemuuliza mwashi. Amesema inategemea nguzo zimekaa kwa muda gani. Ukuta ukishakauka, unazitoa ndipo unapata nafasi ya kupita. Wanaozing'ang'ania ni mafundi waoga. Mimi nasukuma zege tu, hilo nilikuwa silijui.

Nakubali benchi. Nina masharti mawili. Mabeki uniachie, na tukigombana tugombanie nyumbani. Kama hutaki la pili, nakubali la kwanza peke yake.

Na uniandikie ishara zako zote za futi kwa dereva wa lori, nizishike kabla sijafika. Nisije nikakukuta unampima mteja dukani nikapita mbio kupiga krosi.

Mwambie Baba nitakuwa nimefika jicho likiwa limefunguliwa, na kwamba aivae kofia anavyotaka, aivue anavyotaka, akiwa kwenye kizingiti cha Fundi. Mimi nitakaa mahali nisipoweza kuiona, maana mguu huu wa kushoto siuamini.

Bati la mwisho la ghala linapigwa mwishoni mwa mwezi wa saba, na mkataba unaisha nalo. Nitapanda lori la saruji likirudi tupu. Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, siku ya mazoezi, mnitegemee. Nitaingia kwa upande wa barabara.

Kaka yako,
Ukuta